Nyimbo Ulizomshushia Mama

Ni mwaka mmoja sasa tangu Ijumaa ile ulipoketi kitandani kufunga vifungo vya shati lako jeupe, ukafika katikati, ukamwambia Mama, "Bibie, hebu nimalizie hivi," na Mama alipogeuka kutoka kwenye kioo akakuta umeshatuacha. Hoteli walisubiri, wakasubiri, mwishowe wakapiga simu. Mama ndiye aliyepokea. Akawaambia mtachelewa kidogo.

Msichana wa gazeti ametuuliza kama tangazo hili hatuwezi kulifupisha, maana wengine huweka picha na mistari michache wakashukuru. Tumemwambia asitulaumu sisi, amlaumu marehemu. Wewe hukuwahi kufupisha kitu. Kabla ya kila wimbo ulizunguka kwenye piano weee, huku na huko, mpaka wateja wanamaliza supu, na Mama amesimama pale na gauni lake refu anakunong'oneza, "Unamtafuta nani humo ndani?" Nawe unatabasamu tu, unaendelea kuzunguka.

Siku za kazi ulikuwa fundi wa vyerehani, na mikono yako ilijulikana mtaa mzima kwa grisi. Ukiambiwa na mshonaji kwamba cherehani yake inakata uzi, unamjibu, "Ilete kesho," halafu kesho unaondoka asubuhi kwenda kuichukua mwenyewe, kwa sababu ulijua ni nzito na yeye ana mgongo. Mlango ukilia hukuweza kuupita bila kuomba mafuta, hata kama ni mlango wa watu. Dada bado anaona haya akikumbuka ulivyokwenda kupimwa presha ukaishia kupaka mafuta bawaba za mlango wa daktari, wagonjwa wamejipanga nje wanakungoja.

Ijumaa ndipo grisi ilipotoka. Unasugua vidole kwa sukari na mafuta ya kupikia, Kitindamimba anakumwagia maji, kisha unavaa shati jeupe, na wewe na Mama mnaondoka kwenda ile hoteli ya jirani na stesheni. Mlipiga nyimbo za kale za mapenzi, zile ambazo kila mwenye koo duniani ameshaziimba na bado hazijaisha. Nyumbani hatukuziita kwa majina yake. Kulikuwa na Ule Mrefu, Ule wa Barua, na Ule wa Dirisha, ambao karibu na mwisho unapanda juu ghafla, na hapo ndipo watu hotelini huacha kula.

Mlirekodi albamu moja tu, kabla Dada hajazaliwa. Jaladani Mama amekaa kama malkia na gauni jeupe, na wewe umetokea mkono mmoja, kwa sababu mpiga picha hakuona haja ya sehemu yako iliyobaki. Ulikuwa ukiwaonyesha wageni mkono huo kwa fahari zote. Lakini sahani yenyewe ya santuri haikupigwa nyumbani kwetu. Mashine ya santuri iliharibika sisi tukiwa wadogo, na wewe, uliyefufua vyerehani vilivyokwisha kugeuzwa meza za maua, ukasema spea hazipatikani siku hizi. Mama alikusuta, "Fundi gani wewe?" Ukamjibu kwamba mwenye ng'ombe haendi dukani kununua maziwa, una mwimbaji mzima jikoni, sahani ya nini? Mama akacheka, na mashine ikabaki kabatini na vumbi lake.

Sasa tukueleze yaliyotupata, maana hatuna mwingine wa kumweleza.

Baada ya kukuzika, Mama hakutaka kitu. Ukimpa chai anakunywa, usipompa hakuulizi. Dada ni nesi, ameshika mikono ya watu wengi wenye msiba, lakini kwa mama yake mzazi alikuwa anasimama mlangoni na sahani ya chakula hajui aanzie wapi. Ndipo meneja wa hoteli alipokuja kutuambia kwamba wangependa kukukumbuka mwaka ukitimia. Mama aimbe albamu yenu yote, mwanzo hadi mwisho, na piano apige mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, mama mmoja mpole na mwenye bidii. Tulidhani Mama atakataa. Akaenda chumbani, tukasikia kabati linafunguliwa, akarudi na magauni mawili mkononi. "Lipi?" akauliza. Tulitazamana, Baba. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukitaka tangu uondoke.

Basi tukajituma, na ndipo tulipoharibu. Kaka Mkubwa aliitoa mashine ya santuri kabatini ili Mwalimu aisikie albamu. Akaifungua, akachungulia, akaanza kucheka. Ulikuwa mkanda tu. Mkanda wa mpira umelegea! Aliubadilisha kabla chai yake haijapoa, akasema, "Maskini Baba, kumbe hata yeye kuna kilichomshinda." Mwalimu akasikiliza sahani, akarudia, akaandika kila kitu kwenye karatasi zake. Nasi tukamsisitizia, tena kwa kiburi, "Usibadilishe hata chembe. Tunataka iwe vilevile alivyopiga Baba." Akatuahidi, na ahadi yake aliitimiza.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika sebuleni, kwenye piano yako. Mama alianza vizuri Ule wa Dirisha, ila tuliona shingo inamkaza mapema. Alipofika pale pa juu sauti ikachanika. Akaomba radhi, akanywa maji, akajaribu tena, ikachanika mapema zaidi. "Nina vumbi," akasema. Mazoezi ya pili alisema amelala vibaya. Mazoezi ya tatu hakufika hata karibu. Alinyamaza katikati ya mstari, Mwalimu akaendelea kidogo peke yake kisha naye akaacha.

"Amekwenda nayo," Mama akasema.

"Nani, Mama?"

"Baba yenu. Sauti yangu amekwenda nayo."

Tulimpa tangawizi na asali. Tulimpeleka kwa daktari, akammulika koo, akasema koo ni safi, la mtu wa umri wake. Shangazi, dada yako, alikuja na dua na maneno mengi kuhusu wajane, tukamshukuru na kumsindikiza. Hakuna kilichosaidia. Mama ambaye maisha yake yote aliosha vyombo akivumisha wimbo, sasa aliviosha kimya. Alikuwa akituita kutoka dirishani mpaka majirani wanaitika. Akaacha kutuita, anatufuata mpaka tulipo na kunong'ona. Tulikaa na mikono kichwani. Kaka alisema tuwaambie hoteli haiwezekani, Dada akasema tukifuta na hili tumemzika na yeye, na Kitindamimba akalia, kama unavyomjua.

Mwalimu ndiye aliyeomba kusikia rekodi ya siku za karibuni. Hatukuwa na albamu nyingine, lakini Dada alikuwa na simu yake. Mama siku hiyo alikuwa sokoni. Tukamtafutia Mwalimu rekodi ya sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu wako, miaka miwili nyuma, mnapiga Ule wa Dirisha na watoto wanakimbizana mbele ya piano. Mwalimu akaweka simu sikioni, mkono mmoja kwenye piano, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akasimamisha. Akarudia.

"Ni wimbo uleule huu?" akauliza.

"Uleule."

"Na anayepiga ni Baba?"

"Nani mwingine?"

"Basi hapa na kule kwenye sahani si mahali pamoja. Hapa ni chini. Ni chini sana." Akatutazama. "Mna rekodi nyingine, ya zamani kidogo?"

Tulikuwa nayo ya harusi ya Dada. Hapo palikuwa juu zaidi ya sherehe ya mtoto, lakini chini ya sahani. Tukatafuta mahafali ya Kitindamimba, katikati ya hizo mbili, na penyewe palikuwa katikati. Mwalimu akaiweka simu chini polepole. Akatuambia ulikuwa unamteremsha Mama kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kadiri sauti yake ilivyokuwa inashuka, ili pale pa juu pabaki panafikika. Ndiyo maana ulizunguka vile kabla ya kila wimbo. Ulikuwa unamsahaulisha alikosimama Ijumaa iliyopita, kisha unamfungulia mlango wa chini kidogo, naye anaingia bila kujua.

Kaka Mkubwa aligeuka akaitazama mashine ya santuri. "Kumbe mkanda aliuacha makusudi," akasema, akakaa chini palepale sakafuni.

Tulicheka, Baba, tukacheka mpaka tukalia. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imetambaa tangu ujana wenu hadi kaburini na haikukwama popote. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, na kweli kimekuumbua, ila maradhi yenyewe hayakuwa yako. Wageni wangapi walikuuliza kwa nini mkeo hazeeki sauti, nawe ukajibu ni maji ya bomba la nyumbani kwetu!

Halafu kicheko kikaisha, tukabaki tunatazamana. Tumwambie au tusimwambie? Tukimwambia, tunamvua kitu ulichomvika kwa uangalifu wote ule. Tusipomwambia, anaamini sauti imekufa. Tukaamua kufanya kama wewe. Mwalimu ashushe kimyakimya mpaka pale pa kwenye simu, na sisi tukae kwenye viti kama watu wasiojua kitu. Lakini wewe uliteremka kwa miaka na sisi tuliruka kwa siku moja. Mama aliimba mistari mitatu, minne, akanyamaza. Akamtazama Mwalimu, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Mmeshusha."

"Hatujashusha, Mama," Dada akasema.

"Msinifanye mimi mgonjwa wa kupunguziwa chumvi! Wimbo huu nimeimba na baba yenu maisha yangu yote, na hata siku moja hajanishushia. Hata siku moja!"

Ulimi hauna mfupa. Kitindamimba, ambaye hukuwahi kumfundisha kutunza siri labda kwa sababu zote ulizimaliza wewe, akasema, "Alikuwa anashusha kila mwaka, Mama."

Mama akamgeukia Kitindamimba.

"Tangu lini?" Mama akauliza.

Dada akatoa simu. Mama alizisikiliza zote amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa piano. Mahafali, harusi, sherehe ya mtoto. Kisha akaomba iwekwe sahani. Akajisikiliza alipokuwa msichana, juu kule, hana shida yoyote, mpaka wimbo ukaisha. Akauliza kama nasi tulijua. Tukasema tumejua jana. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Ijumaa hiyo hakuja kaburini. Tulikuja sisi na maua, tukakuambia Mama kichwa kinamuuma. Hakikuwa kichwa. Utusamehe, lakini katika familia hii wa kwanza kusema uongo hatukuwa sisi.

Dada alikwenda kukaa nje ya mlango wake, maana ndani hakuruhusiwa. Wakaongea hivyohivyo, mlango katikati.

"Watu wakinipigia makofi," Mama alisema, "nami nasimama pale najiona bado nimo. Kumbe nabebwa mgongoni. Angeniambia tu. Angesema, Bibie, umri unakwenda, tushushe kidogo. Ningenuna wiki moja, yakaisha."

"Ungenuna mwezi, Mama."

"Haya, mwezi. Lakini tungejua wawili. Sasa najua peke yangu. Na nigombane na nani? Asiyekuwepo na lake halipo."

Tulitaka kukutetea tukaona tunamwonea yeye, tulitaka kumtetea yeye ulimi ukawa mzito kwa ajili yako. Unajua mtu akigombana na aliye hai unaweza kwenda kwa mmoja ukambembeleza, ukarudi kwa mwingine. Sisi tungekwenda wapi? Tulizunguka nyumba tukipaka mafuta milango ambayo haikuwa inalia. Tangazo hili lenyewe tulimsomea kwanza, na tulikuwa tumeandika kwamba ulimficha. Akatukatiza. "Andikeni alinidanganya. Ajue nimejua." Tumeandika.

Wiki iliyopita Mwalimu alikuja kuchukua karatasi zake. Alikuwa ameshakata tamaa, na meneja alikuwa anangoja tu tumwambie basi. Mama akatoka chumbani na kanga ya kulalia, nywele hazijachanwa, akamwambia, "Keti, mwanangu. Ule wa Dirisha. Anzia pale pa kwenye simu."

Mwalimu akaanzia pale. Mama akaimba, na alipokaribia pale pa juu sauti ikaanza kuchanika tena. Tuliinamisha vichwa. Tulikuwa tumesahau kwamba sherehe ya mtoto ilikuwa miaka miwili nyuma, na baada ya hapo hakuna aliyewarekodi tena, kwa sababu mlikuwepo kila wiki na tuliwazoea.

"Shusha," Mama akasema.

Mwalimu akashusha. Mama akajaribu.

"Shusha tena."

Akashusha tena. Mwalimu alitutazama sisi kama anayeomba ruhusa, na sisi tukatazama sakafu.

"Tena. Usiogope, mimi siogopi. Tena."

Ndipo sauti ikakaa, Baba. Ilitoka pana, ina mikwaruzo kidogo, lakini nzima, na tuliitambua mara moja, maana ndiyo sauti tuliyokuwa tunaisikia Ijumaa zile za mwisho na kudhani ni ileile ya siku zote. Ikapanda pale pa juu, ambapo sasa si juu tena, ikapita bila kugusa kizingiti. Kaka Mkubwa alijiziba mdomo kwa mkono. Mama aliendelea mstari mmoja zaidi, kisha akaacha mwenyewe, si kwa kushindwa. Alitazama vidole vya Mwalimu vilipokuwa.

"Kumbe tulikuwa tumefika huku," akasema. "Kote huku chini, na yeye yupo."

Akalia, kwa mara ya kwanza mbele yetu tangu siku ya mazishi. Hatukumgusa. Hatukujua kama anakulilia au anakugombeza, na tunadhani hata yeye hakujua.

Mwalimu alisubiri mpaka akatulia, akachukua penseli yake. "Mama, niandike hapa tulipofika, tusije tukapasahau?"

"Usiandike," Mama akasema, akifuta uso kwa kanga. "Mwakani patakuwa pengine."

Basi ataimba Ijumaa hii. Gauni limeshapigwa pasi. Tumefurahi, na tunaogopa kuliko tulivyoogopa mwaka mzima. Tumewahi kukuomba vitu vingi, ukatupa vingi, lakini hiki hukutufundisha na sasa hatuna wa kumuuliza. Ulikuwa unasikia nini? Umekaa pale na mikono yenye harufu ya sukari, umempa mgongo, na kabla yeye mwenyewe hajajua, unajua kwamba mwaka huu lazima ashuke. Ilikuwa pumzi? Ilikuwa neno fulani? Kila jioni Mama akifanya mazoezi tunakaa sebuleni sote watatu, tumefumba macho, tumetega masikio mpaka yanauma, tukitafuta kile ulichokuwa unakisikia.

Tunachosikia ni Mama anaimba.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado amekununia, wanao, Kaka Mkubwa, Dada na Kitindamimba, mkwe wako, wajukuu zako, wanaouliza piano ya Babu itapigwa lini kwa fujo kama zamani, dada yako, Shangazi yetu, washonaji wa mtaa mzima, na wafanyakazi wa hotelini, ambao bado wanakiacha kiti chako kilivyokuwa.

Leo na daima tutakukumbuka, Baba.